Kijana Aliyedahiliwa Vyuo Viwili na Hajui Aelekee Wapi: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Wazazi

Utangulizi

Matokeo ya Kidato cha Sita yakishatangazwa, wahudumu wa afya wilayani huanza kupokea wagonjwa wa aina moja ambao hawaonekani katika takwimu zozote. Ni vijana wenye afya njema ya mwili. Huja wakilalamikia kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, tumbo kuvuruga na usingizi kupotea. Kipimo cha malaria hakioneshi kitu, wingi wa damu unatosha, shinikizo la damu ni la kawaida. Wengi huondoka na vidonge vya maumivu, kisha baada ya wiki moja wanarudi. Ni pale tu mhudumu anapoweka kalamu chini na kuuliza, "Nyumbani kuna nini, mwanangu?" ndipo habari yenyewe inapotoka: kijana amedahiliwa katika vyuo vikuu viwili, siku za kuthibitisha zinakwisha, na moyoni hajui anataka kuwa nani.

Mhudumu huyohuyo hukutana na jambo hili pia nje ya chumba cha tiba. Katika mji kama Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, daktari, tabibu na muuguzi ni miongoni mwa watu wachache ambao mzazi anaweza kuwauliza habari za vyuo vya afya. Huulizwa kanisani, sokoni na hata wodini. Jibu linalotolewa kwa dakika tatu, watu wakiwa wamesimama, linaweza kuamua miaka mitano ya maisha ya kijana na mali yote ya familia. Kwa hiyo inafaa jibu hilo litolewe kwa utaratibu, kama tunavyotoa tiba: utambuzi kwanza, dawa baadaye.

Mfano wa kufundishia

Tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya somo hili. Binti wa miaka 20 kutoka kijiji cha jirani na Kiomboi amemaliza Kidato cha Sita katika tahasusi ya Fizikia, Kemia na Biolojia. Amepata nafasi mbili. Ya kwanza ni shahada ya uuguzi katika Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho ni cha umma. Ya pili ni shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Sayansi za Afya na Tiba, Bugando, jijini Mwanza, ambacho ni cha binafsi. Baba yake, mkulima wa alizeti mwenye ng'ombe wachache, anataka udaktari na amesema yuko tayari kuuza mifugo. Mama anapendelea Dodoma kwa sababu mjomba wa binti anaishi huko. Mwalimu wake amemwambia, "Anza na uuguzi, baadaye utahamia udaktari." Binti mwenyewe anapenda biolojia, lakini wodi amewahi kuiingia siku moja tu, alipokwenda kumjulia hali bibi yake. Wiki tatu sasa halali vizuri.

Kutoka Misigiri, njia panda ya Kiomboi, basi moja huelekea Singida, Manyoni na Dodoma, na jingine huelekea Igunga, Nzega, Shinyanga na Mwanza. Binti huyu anaona kama amesimama mahali hapo na mzigo wake, mabasi yote mawili yakipiga honi.

Kwa nini tatizo hili ni jipya kwetu

Mzazi huweza kudhani kwamba kijana anadeka. Ni vema akumbuke kuwa kizazi cha babu zetu hakikupewa nafasi ya kusita. Kabla ya uhuru, Mtanganyika aliyetaka kusomea udaktari katika Afrika Mashariki alitazama mahali pamoja: Makerere, Uganda. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba nchi ilianza uhuru ikiwa na madaktari 12 tu. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, na hospitali za KCMC mjini Moshi na Bugando mjini Mwanza zilifunguliwa mwaka 1971. Mafunzo ya shahada ya udaktari katika hospitali hizo mbili yalikuja baadaye sana: Moshi mwaka 1997, Mwanza mwaka 2003. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007.

Uchaguzi ulio mbele ya binti wetu, kwa hiyo, ni tunda la maendeleo. Hata hivyo wazazi wake hawakuwahi kuufanya, wala walimu wake wengi, na ndiyo maana kila mmoja anatoa ushauri kwa kutumia ramani ya zamani.

Utambuzi: kusita kuna aina zake

Mwaka 1996, wanasaikolojia Itamar Gati, Mina Krausz na Samuel Osipow walichapisha mgawanyo wa matatizo ya kuchagua kazi ambao hadi leo unatumika sana. Kwa ufupi, waliyaweka katika makundi matatu: kutokuwa tayari, kukosa taarifa, na kuwa na taarifa zinazopingana. Mgawanyo huu humsaidia sana mhudumu, kwa kuwa kila kundi lina tiba yake.

Asiye tayari ni yule ambaye hata akipewa vitabu vyote hatachagua, kwa sababu anaogopa tendo lenyewe la kuchagua. Huenda anaamini kuwa kuna jibu moja sahihi, na kwamba akilikosa amepotea. Huyu kumwongezea taarifa ni kumwongezea mzigo. Anahitaji kwanza kusaidiwa kuona ukubwa halisi wa uamuzi: ni upi unaofunga mlango leo, na ni upi unaoweza kusubiri.

Aliyekosa taarifa ni yule asiyejua kazi yenyewe ikoje, kozi ina nini, gharama ni kiasi gani. Hapendi wala hachukii, kwa kuwa hajaona. Huyu anahitaji kuoneshwa. Maneno ya kumtia moyo peke yake hayatamfikisha mbali.

Mwenye taarifa zinazopingana anajua mengi, ila yanagongana: matakwa ya baba na ya moyo wake, au uwezo wa mfuko na heshima ya cheo. Huyu anahitaji kikao, na mara nyingi anayepaswa kuitwa kwenye kikao hicho ni mzazi.

Binti wetu yumo katika makundi mawili ya mwisho. Maswali matatu yanatosha kumtambua. La kwanza: "Ukiambiwa ada zote zimelipwa na wazazi wote wameridhika, ungechagua nini?" Akijibu mara moja, tatizo lake ni mgongano. La pili: "Nieleze siku moja ya kazi ya muuguzi, tangu asubuhi hadi jioni." Akishindwa, tatizo lake ni taarifa. La tatu: "Mambo mengine ya kuchagua, kama shule au tahasusi, uliyachaguaje?" Akisema kwamba kila mara alisubiri hadi wengine wakamchagulia, tatizo liko katika utayari.

Tenganisha mambo matatu: kozi, chuo na kazi

Familia nyingi husema "chuo" zikimaanisha mambo matatu kwa pamoja. Ni lazima yatenganishwe, maana hayana uzito sawa.

Kozi ndiyo inayofunga zaidi. Katika nchi nyingine, Marekani ikiwemo, mwanafunzi huweza kuingia chuoni bila kuamua fani yake na kuchagua baada ya mwaka mmoja au miwili. Kwetu sivyo. Mwanafunzi hudahiliwa katika kozi tangu siku ya kwanza. Kuhama kunawezekana, lakini kunahitaji nafasi iwepo, sifa za kozi mpya zitimie, vyuo vikubali na taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania zifuatwe ndani ya muda uliowekwa. Aliyehama kutoka fani moja kwenda nyingine ajiandae kuanza mwaka wa kwanza upya.

Kwa sababu hiyo ushauri wa "anza na uuguzi, utahamia udaktari" haufai kutolewa. Uuguzi ni taaluma kamili, yenye baraza lake, shahada yake na ubingwa wake. Anayeuingia akiuona kama daraja la kuvukia atakaa miaka minne akitazama ng'ambo, na wagonjwa wake watalihisi hilo. Vilevile hoja kwamba chuo kikubwa chenye fani nyingi, kama Dodoma, humpa anayesita milango mingi kuliko chuo cha afya pekee ina ukweli kidogo tu. Milango ipo, lakini kila mmoja una mlinzi wake na ufunguo wake.

Chuo hufunga kwa kiasi. Kinaamua gharama, mji, umbali na hospitali ya kufundishia. Bugando ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, na chuo kiko pamoja nayo. Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa iko katika eneo la chuo kikuu, na hospitali ya rufaa ya mkoa iko mjini. Mwanafunzi makini hupata wagonjwa wa kujifunzia kote kuwili. Mhitimu wa chuo kinachotambuliwa husajiliwa na baraza la taaluma yake kwa masharti yaleyale, popote aliposoma. Ndiyo maana swali "kipi kina jina?" lina uzito mdogo kuliko familia zinavyodhani.

Kazi, yaani atakuwa nani akiwa na miaka arobaini, haifungwi leo. Daktari mwenye shahada ya kwanza anaweza kuwa mpasuaji, mtaalamu wa magonjwa ya akili, mtafiti, mwalimu au msimamizi wa afya ya jamii. Muuguzi anaweza kubobea katika ukunga, huduma ya wagonjwa mahututi au ualimu wa uuguzi. Historia yetu ina mifano. Mwalimu Nyerere, aliyewahi kufundisha biolojia Tabora, alihitimu shahada ya sanaa Edinburgh mwaka 1952. Dkt. Vedasto Kyaruzi, daktari aliyesoma Makerere, alikiongoza chama cha TAA na baadaye akawa mwakilishi wa kwanza wa Tanganyika katika Umoja wa Mataifa. Kijana asiyejua atakuwa bingwa wa nini hana upungufu wowote. Swali hilo halijafika zamu yake.

Kuona kazi kabla ya kuichagua

Kwa aliyekosa taarifa, tiba iko karibu kuliko anavyodhani. Hospitali ya Kiomboi, yenye mizizi katika kazi ya wamisionari wa Kilutheri wa Augustana kutoka Marekani, inatosha kumwonesha kijana mambo ambayo kitabu cha udahili hakiwezi kumwonesha. Kwa idhini ya mganga mfawidhi, na kwa kufuata masharti ya faragha ya wagonjwa, kijana apangiwe siku tatu au nne za kutazama: siku moja katika chumba cha wagonjwa wa nje, siku moja wodini, nusu siku famasi na nusu siku maabara.

Apewe mambo ya kuangalia. Wodini, aone muuguzi anakaa na mgonjwa kwa muda gani, na ni nani anayekuwa wa kwanza kujua kwamba hali imebadilika. Kwa daktari, aone jinsi maamuzi yanavyofanywa taarifa zikiwa hazijakamilika, na jinsi anavyozungumza na ndugu wa mgonjwa aliyefariki. Famasi na maabara, aone kazi inayodai umakini mkubwa na maneno machache. Jioni aandike mistari michache: ni saa ipi ilipita bila yeye kutazama saa? Ni jambo gani alitamani angeachiwa alifanye yeye? Majibu ya siku nne huzidi ushauri wa mwaka mzima.

Mhudumu anayempokea ajihadhari na jambo moja. Aliyechoshwa na kazi yake asimkatishe kijana tamaa, na anayeipenda mno asimpambie. Aseme ukweli wa pande zote mbili, ikiwemo habari ya ajira, kwamba kuhitimu siku hizi si sawa na kuajiriwa siku hiyohiyo.

Fedha: hesabu hadi mwaka wa mwisho

Familia hukosea hapa kuliko mahali pengine popote. Huhesabu ada ya mwaka wa kwanza, huuza ng'ombe, na mwaka wa tatu mwanafunzi hubaki nyumbani. Hesabu sahihi ni ya kozi nzima. Udaktari ni miaka mitano ya masomo na mwaka mmoja wa utarajali. Uuguzi na famasi kwa ngazi ya shahada ni miaka minne, na utarajali wa mwaka mmoja. Chukueni karatasi ya ada kutoka katika kila chuo, jumlisheni ada, chakula, malazi, nauli, vifaa na bima, kisha zidisheni kwa idadi ya miaka. Ada ya chuo binafsi kwa kawaida ni kubwa kuliko ya chuo cha umma, na katika udaktari tofauti hiyo hurudiwa mara tano.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu huombwa peke yake. Kudahiliwa hakuleti mkopo, na mkopo unaweza usifunike gharama zote. Pia mkopo ni deni: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi amalize. Kijana aambiwe haya mapema, wakati bado anaweza kuchagua.

Baba wa binti wetu anastahili swali hili, liulizwe kwa heshima, bila watu wa kusikiliza: "Baba, mkopo usipopatikana, mifugo iliyopo itafika mwaka wa ngapi?" Ikiwa jibu ni mwaka wa pili, familia itafute jibu la miaka mitatu inayobaki kabla ya kuthibitisha.

Siku za kuthibitisha

Mwombaji aliyedahiliwa zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu au barua pepe aliyojisajili nayo, ndani ya siku zinazotangazwa. Vijana wengi wa vijijini hufanyiwa maombi kwenye maduka ya steshenari, na pengine namba ya simu iliyoandikwa ni ya mwenye duka au ya ndugu aliye mbali. Mhudumu amuulize kijana mapema: ujumbe utaingia kwenye simu ya nani? Asiyethibitisha kwa wakati anaweza kupoteza nafasi zote mbili, na kusita kwake kutakuwa kumeamuliwa na kalenda.

Kuahirisha mwaka mzima kunawezekana, lakini kuwe na mpango. Mwaka mwingine una ushindani wake, na nafasi ya leo haiwekwi akiba.

Kusita kunapogeuka ugonjwa

Wasiwasi wa siku chache mbele ya uamuzi mkubwa ni wa kawaida na hauhitaji dawa. Hata hivyo mhudumu asipumzike mapema. Baada ya kuondoa magonjwa ya mwili kama upungufu wa damu, vidonda vya tumbo na matatizo ya tezi ya thairoidi, aulize habari za wiki mbili zilizopita: huzuni karibu kila siku, kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi na chakula kubadilika, uchovu, kujiona hafai, kushindwa kutuliza mawazo. Dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa, lipo kwa Kiswahili na linaweza kutumika hata katika kituo cha afya.

Swali la kujidhuru liulizwe waziwazi: "Umewahi kufikiri kwamba ni bora usingekuwepo, au kufikiri kujidhuru?" Kuliuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Humfungulia mlango wa kusema. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa za mifugo na sumu za shambani ziondolewe nyumbani, na apelekwe siku hiyohiyo kwa daktari. Kijana mwenye sonona asilazimishwe kuchagua chuo akiwa katika hali hiyo, kwa kuwa sonona humwonesha kila njia kuwa imefungwa. Atibiwe kwanza. Ikibidi kuthibitisha kwa sababu ya muda, ndugu wamsaidie kuilinda nafasi moja, na mazungumzo ya kina yafanyike akipata nafuu.

Kurudi kwa binti wetu

Tuseme hana sonona, na ametazama kazi kwa siku nne. Akirudi akisema kwamba alivutwa na muda mrefu pembeni mwa kitanda, Dodoma ni chaguo kamili kwake, na baba aelezwe hivyo na mtu anayemheshimu. Akisema kwamba alibaki anajiuliza ugonjwa ulianzia wapi na kwa nini dawa ile ilichaguliwa, basi udaktari ni wito unaofaa kugharamiwa, mradi hesabu ya miaka mitano ikamilike. Hesabu isipokamilika, anaweza kuomba udaktari katika vyuo vya umma kwenye awamu zinazofuata, au mwaka unaofuata, kwa macho yaliyo wazi.

Na akirudi bado mizani iko sawasawa? Kwa maoni yangu, achague kozi ambayo angeridhika kuimaliza na kuifanyia kazi hata kama hakuna mlango mwingine utakaofunguka baadaye, katika chuo ambacho fedha zake zinaweza kumfikisha mwaka wa mwisho.

Maswali ya kujadili kazini

1. Kijana anakuja mara ya tatu kwa maumivu ya kichwa na vipimo vyote ni vizuri. Utamuuliza maswali gani, na kwa mpangilio upi?

2. Mzazi anakuuliza sokoni, "Daktari, mwanangu aende chuo gani?" Andika jibu fupi linalomheshimu na kumwalika kwenye mazungumzo marefu zaidi.

3. Katika kituo chako, ni nani anayeweza kumpokea kijana kwa siku chache za kutazama kazi, na ni masharti gani ya faragha utakayomweleza kabla hajaingia wodini?

4. Eleza tofauti kati ya wasiwasi wa kawaida wa kuchagua na dalili za sonona. Ni dalili ipi itakufanya umpeleke kwa daktari siku hiyohiyo?